Mahali Aliposimama Mama Mkwe

Kisiwa cha Ngazidja hakina mto. Mvua ikinyesha mlima unainywa yote, na kinachobaki ni kile ulichowahi kukikinga kwenye birika la nyumbani kwako. Ndiyo maana siku mkubwa wetu wa ofisi ya ramani pale Moroni alipotandaza mezani karatasi kuukuu yenye bonde la mto, tulisimama wote tukiikodolea macho kama watu walioonyeshwa mnyama wa ng'ambo. Mto ulichorwa kwa wino wa buluu, unashuka kutoka vilima vya Patsy hadi baharini Mutsamudu, kisiwani Ndzuwani. Mkubwa akaupitishia kidole taratibu, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyeoa kule. Jibu alilijua. Wenzangu wakanigeukia wakicheka.

"Basi wewe utakula bure kwa wakweo," akasema, "na serikali itapata ramani."

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikasirika, kwa sababu alikuwa ameugusa ukweli. Kwetu nyumba ni ya mke. Mume ndiye anayehamia, anaingia na sanduku lake na heshima yake, na asipokuwa na heshima ya kutosha anaingia na sanduku tu. Mimi nilizaliwa Majunga, mji wa bandari ng'ambo ya bahari, nikaletwa Moroni mtoto mdogo pamoja na wengine waliofukuzwa kule, na sikuwa na ukoo mkubwa wa kunisemea wala shamba la kutajwa. Nilikuwa na kalamu na mkono uliotulia, basi. Watu wa mke wangu walinipokea hivyo hivyo, na kwa kuwa hawakuwahi kunisimanga hata siku moja, nilijisimanga mwenyewe kwa niaba yao.

Ile ramani ya zamani ilitengenezwa na Wafaransa enzi zao. Ndege ilipita juu ikapiga picha, kisha wapimaji wakatumwa kwa miguu kuhakikisha yaliyoonekana. Walioenda kwa miguu waliufuata mto mpaka kwenye maporomoko, wakachoka, wakarudi. Kila kilichokuwa juu ya maporomoko wakakipaka rangi ya kijani, maana yake msitu, hakuna mtu. Kumbe watu walikuwapo. Kampuni ya kizungu iliyolima mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, chini bondeni ilikuwa imewasukuma wenyeji kwenye miteremko, nao wakalima huko huko, migomba na mihogo na majimbi, chini ya miti mirefu ambayo picha ya ndege haikuweza kuchungulia ndani yake. Bibi wa mke wangu alikuwa mmoja wao. Tangu hapo kila aliyetaka kuwatoa alikuja na ile karatasi mkononi akawaonyesha kijani.

Shamba lile lilikuwa limeshuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama mkwe wangu, na siku moja lingekuwa la mke wangu, kama ardhi nyingi za kule zinavyopita kwa wanawake. Lilikuwa na migomba, mikarafuu michache, na kwenye kona yake ya chini, ukingoni mwa korongo, chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikali. Mto wenyewe ulikuwa umeanza kukatika katika miezi ya jua, kwa hiyo chemchemi ile ndiyo iliyolipa shamba thamani. Mama mkwe alipopata habari kwamba nakuja kurekebisha ramani ya bonde, alimwambia binti yake jambo moja tu, na binti yake akaniambia mimi: anataka shamba litoke kwenye kijani.

Aliniambia kupitia kwa mke wangu kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Sijui kwenu, lakini mimi nilifundwa kwamba mtu na mama mkwe wake hawakodoleani macho. Hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja wenu anapisha, na ikibidi mwingine anageukia ukuta. Sauti yake unaisikia kutoka chumba cha pili, na ukipata mtoto au mke wa kupitishia maneno, unapitisha. Tangu nioe sikuwahi kusema naye zaidi ya kwezi, ile salamu ya mdogo kwa mkubwa, naye akanijibu akiwa nyuma ya pazia. Nilimpenda. Nasema hivyo bila wasiwasi, ingawa uso wake wakati ule nisingeweza kumsimulia mtu. Nilimjua kwa nyayo zake uani na kwa kisamvu chake, ambacho alikitia nazi nyingi kupita kiasi kila alipojua nimo ndani.

Sasa fikiria kazi ya kupima shamba la mtu wa namna hiyo.

Nilikuwa na meza ndogo ya miguu mitatu, karatasi imebandikwa juu yake, na rula ya chuma yenye darubini. Unaweka meza mahali peupe, mtu anasimama kwenye kona ya shamba ameshika mti wenye kitambaa, wewe unamlenga kwa darubini na kuchora mstari kuelekea kwake. Kisha unahamisha meza, unamlenga tena. Mistari miwili ikikutana, pale inapokutana ndipo aliposimama. Kazi nyepesi, ila inamtaka yule mwenye mti asimame penyewe hasa na atulie.

Kona za shamba alizijua mama mkwe peke yake. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, hangeweza kupanda mteremko ule. Kutafuta kijana wa kijijini haikufaa, maana vijana wakati huo walikuwa wameshaanza kuisema vibaya Moroni na kila kilichotoka Moroni, na isitoshe mama mkwe hakutaka watoto wa majirani wajifunze mipaka yake. Kwa hiyo ikawa yeye. Alitangulia alfajiri kabla sijatoka ndani, ili tusifuatane njiani. Mti wake alikuwa ameufunga kipande cha shiromani, zile nguo nyekundu za wanawake wa Ndzuwani, nami nikakiona kutoka ng'ambo ya korongo kikipepea kwenye kona ya juu. Mke wangu alikaa kwenye jiwe chini ya mteremko, katikati yetu, kanga amejifunika kichwani, akipeleka maneno huku na huku kwa sauti.

"Anasema uko tayari?"

"Mwambie tayari."

Nikaweka jicho kwenye darubini.

Nakiri nilikuwa sijaliwazia lile. Darubini inamleta mtu karibu kama mmekaa chumba kimoja. Nilipomlenga, nilimwona mama mkwe wangu ana kwa ana kwa mara ya kwanza maishani: liwa la msandali mashavuni, shingo nyembamba, mkono ulioukaza mti. Nikalitoa jicho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Baada ya hapo nililenga kitambaa tu, juu juu, nikachora mstari na kupiga kelele kwamba imetosha.

Naye alijua. Hakuwa mjinga, alijua lile bomba la shaba linafanya nini, na alijua limeelekezwa kwake na mkwewe wa kiume. Kona za juu zilikuwa na mawe makubwa na miembe, kwa hiyo baada ya mara ile ya kwanza alisimama nyuma ya mawe na kuinua mti juu, mimi nikaona kitambaa na sehemu ya kilemba. Vizuri. Kona ya chini, ya chemchemi, ilikuwa uwazi mtupu. Pale hakukuwa na kitu cha kumstiri mtu ila majani mafupi. Nilikiona kitambaa kikifika, kikasimama, kisha, nilipogeuza darubini kuelekea kwake, kikasogea. Kikarudi nyuma hatua kadhaa, kikaingia kwenye migomba, na kutulia huko, chekundu juu ya majani.

Nilidhani anatafuta mahali pa kuweka mguu. Hapana, sikudhani hivyo. Nilijiambia hivyo. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, nalo ni: mama, hapo ndipo kona ilipo? Lakini swali hilo lingepita kwa mke wangu, kwa sauti, bonde zima likisikia, na maana yake ingekuwa: nimekuona ukijificha. Nani angeuliza hivyo? Hata kwenda mwenyewe kutazama haikuwezekana, maana chemchemi ni mahali pa wanawake, wanateka na kuoga pale, na mwanamume akionekana anashuka kule atatafutiwa jina. Basi nikachora mstari. Nilipohamisha meza nikamlenga tena, alirudi mahali pale pale, kwenye mgomba ule ule, kwa uaminifu kabisa, na mistari yangu ikakutana vizuri mno. Ingepishana ningeshtuka. Ilikutana, nikajisifu moyoni kwa mkono wangu mzuri.

Jioni ile kisamvu kilikuja na nazi nyingi kuliko siku zote. Mke wangu aliniambia mama yake anatembea uani akiimba.

Kabla sijamaliza sehemu ya juu ya bonde, mambo yaliharibika. Tulikuwa tumezoea manung'uniko: mishahara haiji, walimu wamegoma, hospitali haina dawa, Moroni inakula peke yake. Mara yakawa maandamano Mutsamudu, mara risasi, mara bendera ya Ufaransa ikawekwa juu ya mapaa ya nyumba, bendera ambayo baba zao walishangilia ikishushwa. Watu walisema Ndzuwani itajitenga, na wengine wakasema imeshajitenga, bado kutangazwa tu. Mimi nilikuwa mtu wa Moroni mwenye darubini na karatasi ya vilima na njia. Huhitaji kuambiwa nilivyotazamwa.

Mkuu wa kijiji alikuja nyumbani na wazee wengine. Hakuja kwa ubaya. Alisema ni bora nirudi kwetu mpaka hali itulie, na akaomba jambo moja: niwaachie nakala ya nilichochora, maana wao ndio wenye bonde. Nilikiona ni haki. Niliketi mchana kutwa nikanakili mistari kwenye karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga, nikampa. Nikamweleza kwamba ramani yetu haikuwa ya kugawa mashamba, ilikuwa ya kuonyesha sura ya nchi tu, wapi msitu, wapi kilimo, wapi mto. Aliitikia kwa kichwa. Lakini kijijini mstari ni mstari, na nadhani nililijua hilo hata nilipokuwa nikieleza.

Mama mkwe alinifungia ndizi za kuchemsha na samaki mkavu wa njiani. Alimpa mke wangu, mke wangu akanipa mimi. Mimi na mke wangu tuliagana mlangoni, mkono wangu juu ya tumbo lake, tukisema ni wiki chache tu.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtu wa visiwa vile. Walitangaza kujitenga. Moroni ikapeleka askari, askari wakapigwa, na wengine walirudi na kimya ambacho hakijawatoka hadi leo. Meli zikasitishwa, simu zikawa zinakatika, na kijijini kwa mke wangu simu haikuwapo tangu awali. Mtoto wetu wa kike alizaliwa. Habari ilinifikia kwa mdomo wa mtu aliyeisikia kwa mtu.

Mimi nilikuwa ofisini, nikiendelea na ramani ya nchi ambayo redio ilisema si nchi yetu tena. Mkubwa hakujali, kazi haikuwapo nyingine. Nilitoa picha za zamani za ndege, zile za Wafaransa, nikaanza kuzilinganisha na nilichochora. Ukiziangalia picha hizo mbili mbili kwa miwani yake maalumu, vilima vinainuka mbele yako. Hapo ndipo nilipoliona korongo, na ukingoni mwake doa jeusi la majani mabichi: chemchemi. Nikaishusha kwenye karatasi yangu kwa rula. Ikaangukia nje ya mstari.

Haikuwa nje sana. Ukubwa wa chumba na ua wake, basi. Kati ya mstari wangu na korongo kulibaki kipande chembamba cha ardhi, na chemchemi ilikuwa ndani ya kipande hicho, haina mwenyewe, kijani kitupu.

Nilikaa pale mpaka mhudumu akaja kufunga madirisha. Nilielewa mara moja kilichotokea, kwa sababu kitambaa kile chekundu nilikuwa nimekiona kikirudi nyuma, na hakikuwa kimenitoka machoni. Nilijisikia moto usoni, mtu mzima peke yake chumbani. Ningeweza kuusogeza mstari hapo hapo kwa penseli, na nikausogeza kweli, kwenye karatasi ya Moroni. Lakini karatasi ya Moroni haikuwa na maana kwa mtu yeyote bondeni. Iliyokuwa na maana ilikuwa kule, mikononi mwa mkuu wa kijiji, na ilikuwa na makosa.

Nilihitaji kupeleka maneno machache tu: kona ya chini si pale, ni ukingoni mwa korongo, mwambieni mkuu afute. Nilitafuta mtu wa kuyabeba kwa muda mrefu. Kisha ikaja ile siku ambayo watu wa mji wangu waliwageukia Wandzuwani waliokuwa wakiishi kwetu. Wafanyabiashara wa soko la Volo Volo waliopanga vitunguu na nguo karibu na wetu miaka nenda miaka rudi walifungiwa vibanda, wakatukanwa, wakasukumwa bandarini wapande chochote kinachoelea. Nilikwenda bandarini. Nilijiambia nimekwenda kutafuta mjumbe, na ilikuwa kweli.

Nilimwona mwanamke niliyekuwa nikinunua kwake karafuu, mtu wa Mutsamudu. Alikaa juu ya bunda la nguo, shiromani yake imechanika begani. Nilimkaribia. Nilisema kwezi, naye akainua uso.

"Na wewe umekuja kutusindikiza?" akauliza.

Maneno yalikuwa mdomoni. Bweni, ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima, naomba nifikishie salamu kijiji fulani. Lakini mimi nilijua sura ya watu wanaokaa juu ya mabunda yao bandarini. Niliwahi kuwa mtoto juu ya bunda la namna hiyo, Majunga, na watu wa mji walipita wakitutazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama yeye. Ningemwambia nini? Mji wangu umekufukuza, na ukifika kwenu nifanyie kazi? Niliona haya. Nikamwambia Mungu awafikishe salama. Akaitikia amina, akageuza uso, nami nikarudi nyumbani bila kupeleka neno hata moja.

Meli ziliporudi kuwa na utaratibu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda. Sitaeleza nilivyolala kwenye sitaha wala askari walivyotupekua Mutsamudu. Nilipanda bonde kwa miguu. Mto ulikuwa umekauka kuanzia darajani kwenda juu; mawe yalikuwa makavu na watoto walicheza katikati yake. Mke wangu alinipokea mlangoni. Binti yetu, sasa mkubwa wa kukimbia, alikwenda kujificha nyuma ya gunia la mchele, akachungulia, na akalia nilipomwita.

Usingeweza kumwuliza mtu mambo ya shamba kabla ya kunywa maji, kwa hiyo nilinywa. Yalikuwa na ladha ya udongo. Nikamuuliza mke wangu maji haya ya wapi.

"Ya bwawa la chini," akasema. "Ya juu sasa ni ya watu."

Akanisimulia akiwa anasonga ugali wa muhogo, bila kuniangalia. Wakati wa kujitenga kamati ya kijiji iliamua kumaliza ugomvi wa mashamba ya juu mara moja, kila mtu apate chake, isije Moroni wala kampuni ikawatoa tena. Walitumia karatasi yangu. Jirani wa upande wa pili wa korongo, mtu mwenye sauti msikitini, aliinama juu yake akasema: tazameni, chemchemi iko nje ya mstari wa huyu mama, basi ni ya upande wangu. Wazee walishangaa. Kila mtu alijua bibi wa mke wangu ndiye aliyeichimba ile chemchemi kwa mikono yake. Wakamwita mama mkwe uwanjani, akasimama pembeni, nje ya duara la wanaume, kichwa amefunika.

Mkuu wa kijiji alimwambia kwa upole. "Mama, kama mkweo alikosea, sema tu hapa. Tutaufuta mstari."

Mke wangu aliacha kusonga alipofika hapo.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema: mkwe wangu hakukosea. Alipoweka alama ndipo niliposimama."

Nilikaa nikitazama moto. Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Hakusema uwongo. Kusema lililobaki, ingembidi aeleze mbele ya wanaume wote kwa nini alirudi kwenye migomba, na mkwewe alikuwa akimtazama na nini, na wangecheka, na kicheko hicho kingenifuata mimi na binti yangu mpaka kaburini. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mke wangu alilisema akishika tena mwiko. Siku zile vijana walikuwa wakitafuta nani ametumwa na Moroni. Mstari uliokosewa na mtu wa Moroni, ukinyang'anya watu maji, usingeitwa kosa. Wangeichoma nyumba.

"Kesho nitakwenda kwa mkuu," nikasema. "Nitamwambia nilikosea mimi. Nimeshaurekebisha, karatasi iko Moroni."

"Utasema ulikosea vipi?"

"Kwamba kona haikuwa pale."

"Na mama ameshasema mbele ya kijiji kwamba ilikuwa pale." Alikisukuma chungu pembeni. "Ukisema hivyo unamfanya mama yangu mwongo. Ameshapoteza maji. Unataka apoteze na neno lake?"

Katika nyumba ile nilihesabiwa msomi. Hasira ilinipanda, na sikujua nimrushie nani: jirani, kamati, Wafaransa waliochoka kwenye maporomoko, mkubwa wangu aliyecheka. Ilipozunguka kote ilirudi kwangu ikatulia. Nilitamani angalau mtu mmoja anilaumu. Hakuna aliyenilaumu. Jirani mwenyewe alinipa mkono msikitini na kuniita fundi.

Siku ya tatu au ya nne, asubuhi, nilikuwa nimekaa kizingitini nikijaribu kumzoesha binti yangu uso wangu, nikasikia nyayo kwenye njia ya kupandia. Nilizitambua. Mama mkwe alikuwa akitoka kwenye bwawa, ndoo kichwani, na njia ile ndefu ilikuwa imemchosha. Alisimama kila baada ya hatua chache akashika kiuno. Adabu ilitaka niinuke niingie ndani ili apite. Niliinuka. Badala ya kuingia ndani nikashuka njia.

Aliponiona alisimama. Akaishusha ndoo chini, akaweka hatua mbili kati yake na ndoo, akageukia mteremko, mgongo kwangu. Nikaichukua. Nilitaka kusema niliyokuwa nimeyapanga tangu Moroni, nisamehe mama, na nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka ila kwezi.

Hakuwapo mtu kati yetu wa kupitishia maneno. Akasema, akiwa ameielekea migomba iliyo juu kule:

"Ile karatasi kubwa ya Moroni, mimi nimo?"

Nilifikiria kabati la ofisi, ambamo mkubwa alikuwa ameniambia niifungie ile ramani kwa kuwa Ndzuwani si kazi yetu tena, na ambamo imo mpaka leo. Nilifikiria mstari niliousogeza kwa penseli, na alama ndogo ya zamani, ile ya kwenye migomba, iliyobaki chini yake, ambayo sikuwa na moyo wa kuifuta.

"Umo, mama," nikasema. "Pale pale uliposimama."

"Basi vizuri," akasema.

Alingoja nitangulie na ndoo. Nilipanda polepole, maji yakinimwagikia begani, naye akinifuata kwa mbali ili watu wasituone tumefuatana.